Dharura Kutoka Galaksi ya Mbali

Alhamisi, saa nne na robo asubuhi, kompyuta ya Daktari wa Nyota ilipiga kelele. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, nusu kwa heshima, nusu kwa kejeli. Setilaiti ilikuwa imenasa mlipuko wa miale ya gama: jitu la nyota limekata roho katika galaksi ya mbali, na kwa sekunde arobaini limemwaga nguvu ambayo jua letu halitaifikia maisha yake yote. Miale yenyewe ilishapita. Uliobaki ni mng'ao, nao hufifia saa kwa saa kama kaa jivuni.

Miaka sita dada huyu alikuwa akingoja mlipuko kama huu. Darubini ya taasisi yao ilikuwa upande wa pili wa dunia, ambako giza lilishatanda. Kuigeuza ni kubofya mara mbili tu. Tatizo, kubofya kulitaka saini ya Mkurugenzi kwenye Fomu ya Dharura, ambayo kwa mujibu wa kanuni huwasilishwa siku kumi na nne kabla ya dharura.

Akashuka ngazi mbio hadi ofisi ya Mkurugenzi, viatu mkononi.

"Yuko kikaoni," alisema katibu muhtasi, mama mtu mzima aliyeulinda mlango ule tangu enzi za taipureta. "Wanajadili namna ya kuharakisha kazi. Leo siku ya tatu."

"Mama, nakuomba. Unazimika!"

Yule mama alimtazama toka utosini hadi unyayoni, akaona miguu mitupu. "Haya, pita. Wakiuliza, mimi nilikuwa msalani."

Mkurugenzi alivua miwani. "Mlipuko? Kuna majeruhi?"

"Hapana, mzee. Ni nyota."

"Imelipuka lini?"

"Miaka bilioni kadhaa iliyopita. Ni ngapi hasa, ndicho ninachotaka kupima."

Wajumbe wakaangua kicheko.

"Dada yangu," alisema Mkurugenzi kwa upole wa mtu aliyeshiba, "jambo la miaka bilioni kadhaa litashindwa kusubiri Jumatatu? Haraka haraka haina baraka." Kisha akarudi kwenye ajenda ya kuharakisha kazi.

Jumatatu saini ikatoka, na mhuri juu yake. Daktari akaigeuza darubini. Mng'ao ulishazimika, hata dalili hakuna. Ila pale pale ulipokuwa, palikuwa na doa hafifu la samawati: galaksi yenyewe, ambayo haikuwa na habari na mihuri ya mtu. Wiki nzima aliipima. Ilikuwa ndogo, yenye vurugu, nyota zikizaliwa kwa pupa. Umbali wake: nuru ilisafiri miaka bilioni tisa hadi kutufikia.

Mkurugenzi aliita waandishi wa habari. "Tulichukua hatua papo hapo," alisema, kifua mbele. Alipoulizwa galaksi hiyo italinufaishaje taifa, alijibu kwamba mazungumzo nayo yanaendelea vizuri.

Daktari hakwenda kusikiliza. Alibaki ofisini kwake juu. Katibu muhtasi alipanda ngazi akihema, akainamia kioo cha kompyuta.

"Ndiyo nini hii, mwanangu?"

"Ndiko kwao marehemu, mama."

"Pole yao. Wamebaki wengi?"

"Mabilioni."

Mama akatikisa kichwa, akavuta kiti. "Basi nisogezee kioo hicho, niwaone vizuri."