Sahani ya Majirani

Siku ambayo kaburi la mama yake Estina lilikuwa liwekewe jiwe, ndiyo siku mkaguzi wa shule alipovuka bahari kutoka Grenada. Huko kisiwani Carriacou jiwe haliwekwi bila ngoma, na ngoma haianzi mpaka watoto wa marehemu wapige magoti, waombe radhi. Estina alikuwa mtoto wa pekee. Lakini shuleni, chini ya picha ya Malkia wa Uingereza, ngoma iliitwa ushenzi, naye alitaka sana kuwa mwalimu mkuu. Akamsihi mama yake mdogo, Adina, watu wangoje mpaka mgeni anywe chai aende zake. Adina alikubali. Alipika tangu alfajiri, na hakunung'unika.

Mgeni alikaa sebuleni kwa Estina, hakuwa na haraka. Jua liliinama. Ng'ambo ya ua, kando ya kaburi, wapigaji walianza kugonga ngozi za ngoma taratibu, wakizijaribu.

Mkaguzi akauliza wale ni kina nani.

"Majirani tu," Estina akasema.

Alipogeuka, Adina alikuwa mlangoni na sahani iliyofunikwa kitambaa cheupe. Alikuwa amesikia. Alimtazama kidogo yule binti ambaye yeye alimbeba mgongoni utotoni, kisha akainamisha kichwa.

"Samahani, mwalimu. Sisi majirani tumewaletea chakula. Mgeni asikae na njaa."

Tangu azaliwe, Estina hakuwahi kuitwa na mama huyo jina lingine ila mwanangu.

Mkaguzi alikula ugali uliofinyangwa duara na nyama ya mbuzi, akavimaliza vyote. Akapangusa vidole. Akasema amefurahi kuona mwalimu anayejua kujitenga na mambo yale, na kwamba ataliandika hilo katika ripoti yake.

Ndilo neno Estina alilolingoja miaka yote, na liliingia kama mwiba. Uso ukamchoma. Akainuka, akavua viatu.

"Leo ni jiwe la mama yangu," akasema. "Huyo aliyeleta chakula ni mdogo wake."

Hakungoja kuona mkaguzi amekunja uso au la. Akavuka ua huku amechukua sahani tupu na kile kitambaa, maana hakujua mikono aiweke wapi.

"Ala! Mwalimu amekuja kutukagua na sisi?" akasema mzee Cudjoe, akiwa amekumbatia ngoma yake. Watu wakacheka.

"Nyamaza, wewe," Adina akasema. "Alikuwa na mgeni."

Akampokea sahani. Akakunjua kile kitambaa, akakitandika chini mbele ya jiwe, gauni zuri la shule lisichafuke. Estina akapiga magoti. Wimbo wa kuomba radhi ukaimbwa mpaka mwisho, paji lake la uso limegusa udongo. Cudjoe aliinua mikono juu ya ngoma, akamngoja ainuke. Estina hakuinuka.

Basi Adina naye akapiga magoti kando yake, kwa shida, kwa sababu ya nyonga.

"Inatosha, mwanangu," akamnong'oneza. "Mama yako amekusikia."

Na Estina hakuwa ametamka hata neno.