Uyoga Juu ya Boriti

"Soma tena," Outi alisema.

Raili akapiga magoti chini ya boriti, miwani ikimteleza puani. "Milimita kumi na nane, nukta nne mbili. Hata ukiniuliza mpaka Krismasi."

Miaka kumi na mmoja boriti ile ya msonobari ilikuwa imebeba vyuma vizito vilevile, ndani ya maabara hii ndogo ya mji wa Joensuu, na kila asubuhi Raili aliandika imezama kiasi gani. Aliajiriwa kufagia. Daftari alilishika wiki ambayo mpimaji aliugua, asilirudishe tena.

Outi ni mtu wa hesabu. Alitafuta mlinganyo wa kueleza mbao inavyochoka: huzama upesi mwanzoni, kisha polepole, na mzigo wa kila jana unahesabiwa katika leo. Mstari wake ulifuata vipimo vya Raili vizuri, ila Septemba. Kila Septemba boriti ilizama ghafla.

"Nisipopata sababu, kesho kamati ya utafiti itavitupa vipimo."

"Vya Septemba?"

"Vyote, Raili."

Raili akamimina kahawa, nyingine ikamwagikia kisahani. Akatazama juu, kwenye bomba la joto lililopita juu ya boriti.

"Pale hukauka vizuri," akasema taratibu. "Natundika uyoga."

"Humu? Juu ya boriti yangu?"

"Boriti *yangu*. Na supu yake mnaigombania kila Novemba mpaka mnakwangua sufuria. Nani aliwahi kuuliza umekaukia wapi?"

Outi hakucheka. Kipimo cha unyevu kilikuwa kule mlangoni, mbali, kisingejua lolote. Uyoga ulitoa maji, mbao ikayanywa, na mbao iliyobeba mzigo ikinywa maji hulegea.

"Nifukuzeni mimi," Raili akasema. "Daftari liacheni."

"Ulikuwa uyoga kiasi gani?"

"Kwani wanidhani siandiki?"

Akaligeuza daftari nyuma. Kwa penseli, mwaka baada ya mwaka: tarehe ya kutundika, tarehe ya kushusha, kilo. *Kilo nne na nusu, mvua nyingi. Kilo moja tu, goti linauma.*

Outi alisoma mpaka la goti, ndipo akacheka, akajifuta macho kwa mkono wa sweta. Akaongeza unyevu kwenye mlinganyo. Kufika saa sita mstari uliteremka katika kila Septemba, sawasawa na boriti.

"Wewe bibi ni mchawi."

"Mchawi uyoga. Mimi mpishi."

Alasiri wakashusha vyuma, kimoja kimoja, kama ilivyopangwa. Boriti ikainuka karibu nusu kwa mkupuo, kisha ikatulia.

"Iliyobaki itarudi kidogo kidogo," Outi akasema. "Miezi. Na kuna kiasi hakitarudi kabisa."

"Hata mimi mgongo wangu ndivyo ulivyo."

Akapiga magoti tena, penseli sikioni. Juu yao uzi mtupu ulining'inia kwenye bomba. Mshale wa kipimo chini ya boriti ulionekana umesimama. Raili akausubiri, akiwa amezuia pumzi, mpaka ukasogea unywele mmoja.

"Tisa, nukta tatu nane," akanong'ona. "Haya, mama. Polepole."