Aliyeimba Chini ya Ukuta wa Silanga

Siku ya Alhamisi, saa nne asubuhi, Mutunga alisimamisha kichwa juu ya ukuta wa silanga la Syomutei, bwawa la kukinga maji ya mvua, safari ya saa moja na nusu kwa gari kutoka Ikutha. Kilikuwa kichwa cha mpira wa kijivu, ukubwa wa kichwa cha mtu mzima. Uso wake haukuwa na macho, lakini masikio yalikuwa yamefinyangwa kwa uangalifu mkubwa, na ndani ya kila sikio mlikuwa na maikrofoni ndogo. Redio aliyoifanyia kazi Nairobi ilikuwa imekipokea kutoka Ujerumani mwaka huo wa 1977. Mtu akivaa hedifoni na kusikiliza kilichonaswa na kichwa hicho, angeweza kufumba macho na kuonyesha kwa kidole nani alisimama wapi: huyu mbele, yule nyuma ya bega la kulia, ndege yule juu.

Wanawake kumi na mmoja walikizunguka, kila mmoja na jembe lake. Walikuwa kikundi cha mwethya, yaani cha kusaidiana kazi, wale wale waliolichimba silanga hilo kwa mikono miaka miwili nyuma, wakati wa ukame, wakisaidiwa na trekta moja ya kukodi. Jumamosi afisa mkubwa wa serikali angekuja kulifungua, na redio ilitaka wimbo wao wa kazi. Mutunga alipima kwa hatua kutoka kwenye kichwa hadi kwa kila mwanamke, akaandika kwenye daftari. Jua lilikuwa limeanza kuuma. Mwanamke mmoja aliyeitwa Ndinda alikihurumia kile kichwa, akakitandikia leso utosini.

Waliimba dakika sita, majembe yakipiga ardhi kwa pamoja. Walipomaliza, Mutunga alirudisha utepe nyuma, akavaa hedifoni na kuanza kuwahesabu, mmoja mmoja, akifuata daftari. Alipata kumi na wawili.

Alikagua nyaya. Akabadilisha ya kushoto ikawa kulia, na yule wa kumi na mbili akahama pamoja na wenzake, kama inavyotakiwa. Akazirudisha nyaya zilivyokuwa. Kisha akaandika: *Namba 12. Mwanamke, sauti ya pili. Nyuma kushoto, hatua saba. Chini, mita mbili.*

"Mwalimu," alimwita Jonah, mwalimu wa kwaya ya kanisa, aliyekuwa akiwasimamia waimbaji. "Hebu sikiliza huyu wa chini."

Jonah alivaa hedifoni, akatikisa kichwa kufuata wimbo, kisha akazivua.

"Huyo ni Kavata," alisema. "Hata zamani alikuwa anachelewa kuingia kwa kibwagizo."

"Kavata gani?"

"Msichana wa Kalondu. Yule walisema ametoroka na dereva wa trekta, akaacha watoto. Alionekana Malili, amepanda lori ya kwenda Mombasa."

"Nani alimwona?"

Jonah alifikiri. "Naibu wa chifu alisema kuna watu walimwona."

Kalondu mwenyewe alikuwa ng'ambo ya silanga, akimpakia punda wake madebe ya maji. Tangu binti yake atajwe kwamba ametoroka, kanisa lilikuwa limemwomba apumzike kuimba kwenye kwaya, na mkwe wake alikuwa ameoa mke mwingine na kuwachukua wale watoto wawili. Alipoitwa alikuja polepole, kwa hatua za mtu aliyezoea kuitwa kwa mambo mabaya.

"Mwaitu, kaa hapa," Mutunga alimwambia kwa heshima ya mama, akamvika hedifoni juu ya kitambaa cha kichwa.

Kalondu alisikiliza wimbo wote. Katikati yake aligeuza shingo kushoto, nyuma, akatazama chini mahali pasipokuwa na kitu ila udongo na majani makavu. Hakulia.

"Sauti imepoa," alisema. "Huko kuna baridi. Naweza kumuuliza kitu?"

"Unaweza. Uliza karibu na sikio la hiki kichwa, tungojee kidogo, halafu nitarudisha nyuma tusikie. Lakini utepe umebaki wa dakika nane tu."

Wanawake walisogea. Ng'ambo, kwenye barabara inayozunguka silanga, vumbi lilianza kupanda nyuma ya pikipiki. Wote waliijua. Ilikuwa ya Ndululu, naibu wa chifu, na barabara ile humchukua mtu kama dakika kumi.

Kalondu alipiga magoti, akashika sikio la mpira kama anayemwambia mtoto siri.

"Kavata. Ulienda na dereva?"

Walingoja. Utepe ulizunguka, na kwa masikio yao walisikia upepo na punda tu. Mutunga alirudisha nyuma, akasikiliza, akampa Kalondu hedifoni. Kalondu akawaambia wengine alichosikia.

"Anasema hapana. Anasema yuko hapa kazini."

Vumbi lilikuwa limefika kwenye mti wa kwanza wa muaa. Kalondu aliinama tena.

"Ni nani alikuweka huko?"

Safari hii walingoja zaidi. Mutunga alikodolea macho sindano ya kupimia sauti. Ilikuwa ikicheza, ingawa hakuna aliyefungua kinywa. Alirudisha nyuma mapema kuliko alivyopanga, kwa sababu sasa mngurumo wa pikipiki ulikuwa umeanza kuingia kwenye sikio la kulia. Kalondu alisikiliza mara mbili. Kisha akasema maneno ya binti yake kama yalivyo, bila kuongeza.

"'Ukuta ulianguka. Nilikuwa namaliza kipimo changu cha kazi, wengine wamerudi nyumbani. Bwana Ndululu aliniita jina mara mbili. Mara mbili nikaitika. Halafu akamwambia dereva asukume udongo.'"

Jonah alikumbuka kwamba wiki ile ya mwisho alimwonyesha Ndululu ufa kwenye ukuta, ufa wa kuingia mkono, akaambiwa aangalie mambo ya kwaya.

Kalondu aliuliza la tatu harakaharaka, kuhusu baridi, kama inauma. Utepe ulipokwisha ukabaki unapigapiga kwenye gurudumu, tapa, tapa, tapa, na Ndululu alikuwa tayari amesimamisha pikipiki na kuja, kofia ya kazi mkononi.

"Hamjambo. Wimbo umetoka vizuri?"

"Bwana chifu," Jonah alisema, "Kavata yuko hapa chini."

Ndululu alimtazama Mutunga, akanyoosha mkono apewe hedifoni. Alisikiliza wima, macho kwenye maji, kama mtu anayesikiliza taarifa ya habari. Wimbo ukapita, maswali yakapita, majibu yakapita. Kisha akachukua daftari, akasoma ile namba kumi na mbili.

"Ni yeye," alisema. "Lakini hapa umekosea kidogo. Si hatua saba. Ni tisa, na ni zaidi upande wa kule maji ya ziada yanapotokea. Hiyo mashine yako inamleta karibu."

Mutunga alichukua kalamu, akafuta saba, akaandika tisa.

"Alikuitikia," Kalondu alisema. "Mara mbili."

"Aliitika, mama. Sikatai." Sauti ya Ndululu haikupanda. "Mvua ilikuwa imebakiza siku tatu tu inyeshe. Kama tungechimba pale, ukuta wote ungekwenda, na mngekosa maji nyinyi wote. Na mpaka leo ni hivyo hivyo. Mkimtoa, maji yanatoka naye."

Kalondu alimnyang'anya Ndinda jembe. Alihesabu hatua tisa kutoka kwenye kichwa, akauinua mkono na kupiga. Akapiga tena. Pigo la tatu lilitoa udongo mweusi, uliolowa, na kila mtu aliuona ule unyevu ukimetameta kwenye chuma. Mutunga alijua kwamba ndio wakati wa mtu mwingine kushika jembe. Miguu yake ilikuwa miepesi, ingeweza kwenda. Akainama, akaanza kukunja nyaya.

Kalondu aliwatazama wale wanawake mmoja baada ya mwingine, wote kumi na mmoja. Walikuwa wameimba naye miaka mingi. Kila mmoja, macho yake yalikuwa kwenye maji.

"Mama Kavata," Ndinda alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili mtu kumwita hivyo. Alimshika kiwiko taratibu. "Pole, dada yangu. Pole sana. Mimi niko na watoto saba na ng'ombe wanne. Mto wote umekauka mpaka chini."

Kalondu aliliachia jembe. Ndinda aliyafukia yale mashimo matatu kwa mguu, akashindilia kwa kisigino, akapangusa jembe lake kwenye nyasi.

Kesho yake Mutunga alipeleka utepe kwenye kituo cha polisi. Afisa wa zamu alikuwa mtu makini. Alivaa hedifoni, akasikiliza mpaka mwisho, akasema anamsikia marehemu vizuri kabisa, nyuma kushoto, chini. Aliandika kila kitu kwenye kitabu. Kisha akaeleza kwamba kwa kufukua mwili ni lazima iwepo barua ya naibu wa chifu wa mahali hapo, na kwamba Mutunga akishaipata asisite kurudi.

"Naibu wa chifu ndiye ametajwa mle ndani," Mutunga alisema.

"Nimesikia," afisa alijibu. "Ndiyo maana nasema itachukua muda."

Jumamosi silanga lilifunguliwa. Ndululu alisoma hotuba fupi. Wimbo ulitangazwa redioni Jumapili mchana, lakini redio za watu zilikuwa na spika moja, na katika spika moja hakuna nyuma wala mbele, juu wala chini. Kavata alisikika kama mwanamke mmoja tu kati ya wengi. Barua zilifika Nairobi zikisifu kwaya ya Syomutei, na mbili kati yake ziliisifu sauti ya pili. Mutunga alimwomba mkubwa wake kazini autangaze utepe pamoja na maelezo. Mkubwa alisikiliza, akakubaliana naye juu ya mahali na kina, akaandika kwenye kisanduku cha utepe kwa kalamu nyekundu: *Sauti moja imezidi. Yafaa kwa matumizi.* Kisha akauweka kabatini.

Mutunga hakulala vizuri mwaka huo. Alimwandikia Kalondu barua tatu akimwomba radhi, bila kutaja kosa, na hakutuma hata moja.

Mwaka wa 1980 mvua ilikosa tena, naye akatumwa Ikutha kurekodi mnada wa ng'ombe. Akiwa na saa chache za kupoteza, alimwambia dereva apitie Syomutei. Ndululu sasa alikuwa chifu kamili, na jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye bamba la saruji penye lango. Silanga halikuwa limekauka. Watu walikuwa wametoka mbali na punda wao, na foleni ilizunguka mpaka kwenye miti ya muaa.

Kalondu alikuwa katikati ya foleni. Jonah, aliyesimama nyuma yake, alimweleza Mutunga kwamba kwa karibu miaka mitatu mama huyo hakuteka maji hapo hata tone. Alikuwa akienda kuchimba mchanga wa mto, kilomita tisa kwenda, tisa kurudi. Lakini wiki iliyopita visima vya mchangani navyo vilikauka.

"Na Kavata?"

"Yuko. Siku hizi hata hatuhitaji mashine. Ukisimama karibu unamsikia tu."

Chifu Ndululu alipita akiikagua foleni. Alimsalimu Kalondu, shikamoo aliyostahili mtu wa umri wake, na Kalondu akaitikia, kwa kuwa salamu huitikiwa. Mutunga alitaka kusema kitu. Alibaki amesimama karibu na gari, funguo za kisanduku cha mashine mkononi.

Zamu ya Kalondu ilifika. Aliteremka ukingoni na debe lake. Kutoka chini ya ukuta sauti ilimwambia asogee kulia kidogo, hapo alipokanyaga panateleza. Wanawake waliokuwa nyuma yake walinyamaza kuwapisha. Kalondu alisogea kulia, akainama, akajaza debe.