Vidonge vya Mwalimu Rugaibula

Mume wangu, Mwalimu Rugaibula, aliacha kufundisha mwaka 1972 kwa sababu mikono ilimtetemeka hata chaki haikushikika. Tulikaa Kanazi, kwenye kibanja alichoachiwa na baba yake, nyumba imezungukwa na migomba na mibuni. Alikuwa mpole, hajui kujisifu.

Daktari Mutembei, aliyekuwa amerudi Bukoba kutoka masomoni Ulaya, akampa vidonge vipya.

"Ubongo wake umepungukiwa kemikali iitwayo dopamini," alinieleza.

Baada ya wiki tatu mume wangu alibeba kikombe cha chai bila kumwaga tone. Nililia kwa furaha.

Kisha akabadilika. Kanisani alimkatiza katekista, akidai yeye angefundisha vizuri zaidi. Akasema Kanazi nzima hakuna mkulima wa kumfikia. Vijiji vya ujamaa vilipotangazwa mkoani kwetu, akawa wa kwanza kujiandikisha kwenda Ngenge, kule kwenye mbuga kavu.

"Kule migomba haistawi, Baba Ephrasia," nilimwambia.

"Haijapandwa na mimi."

Kibanja alimpa mdogo wake Aristides, mbele ya ukoo, kiwe chake kabisa. Familia nane zilitufuata kwa kumwamini mwalimu wao.

Jua la mwaka uliofuata halikutuachia mgomba hata mmoja. Yeye alipita kati ya mashina makavu akisema yanachipua. Jirani yetu Ma Celina, mmoja wa waliotufuata, alipomzika mjukuu wake aliyekufa kwa njaa, mume wangu alisimama kaburini akatangaza kwamba mavuno yetu yatashangaza mkoa. Watu waliangalia chini. Mimi nilitamani ardhi inimeze.

Nikampeleka kwa daktari.

"Kemikali inayotuliza mikono ndiyo pia inayompa mtu picha yake mwenyewe," alisema. "Sisi wazima tunayo ya kutosha kujiona bora kidogo kuliko tulivyo. Yeye nimemzidishia, mama. Nisamehe." Akapunguza vidonge.

Haukupita mwezi, mikono ikaanza tena. Asubuhi moja alikwenda shambani, akayashika yale mashina makavu moja moja.

"Sikukudanganya, Clotilda," aliniambia aliporudi. "Nilikuwa naiona kweli ile migomba. Imejaa mikungu."

Siku hiyohiyo alikwenda kupiga magoti kwa Ma Celina. Mama yule alimsogezea kigoda, lakini akampa mgongo na kuendelea na kazi zake.

Kurudi Kanazi hatukuweza. Aristides alikwisha kuhamia na wanawe. Tukalima mihogo Ngenge. Siku moja, tukichambua maharage, akaniuliza, "Nilikuwa mwalimu mzuri?"

Nilikuwa nimechoka kusikia mambo yasiyokuwapo. "Ulikuwa kama walimu wengine," nikamjibu.

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuchambua, maharage mengine yakimdondoka. Hakuniuliza tena lolote juu yake mwenyewe. Alifariki mwaka 1977, na jibu lile ningelibadilisha kama angekuwapo wa kulisikia.