Kitambaa cha Wifi

Pawabenki ya sola niliinunua kwa ajili ya dharura, nikaiweka dirishani ijichaji kwa jua. Leo mvua imekata umeme, mama mkwe amebanwa na pumu, na simu zote nyumbani zimezima. Nikachomeka yangu kwenye pawabenki. Haikuwaka hata taa moja.

Wifi yangu akanionyesha kitambaa cha kufuma, mwenzake wa vitambaa alivyofunikia redio na televisheni. “Mbona naitunza, wifi. Kila asubuhi naifunika. Jua lilikuwa linaipausha.”

Nikamwambia akamwite nesi wa mtaa wa pili, kwa miguu, sasa hivi. Akauliza mwavuli uko wapi.

Nikamtupia kitambaa. “Jifunike hicho. Kama kimeliweza jua, mvua itakishinda?”