Herufi Moja ya Mzee Kufuli

Mimi ni fundi wa kuchonga mawe, na mdomo wangu hauna breki. Mwenyekiti wa mji alipotaka jiwe la kumbukumbu kwenye ile jela ya zamani ya wakoloni, nilidakia kabla hajamaliza. Si babu yangu ndiye aliyefungwa mle? Nikachonga herufi kubwa kubwa, za kusomeka toka sokoni: HUMU MZEE KUFULI ALIFUNGWA.

Siku moja kabla ya uzinduzi, jirani yetu Mama Maziwa alisimamisha baiskeli yake akasoma polepole.

"Hiyo W itoe, mwanangu."

"Mama, fundi hapa ni nani, mimi au wewe?"

"Aliyefungwa ni baba yangu. Babu yako alikuwa mlangoni, na funguo. Kwani unadhani aliitwa Kufuli kwa nini?"

Nilirudi nyumbani nimefura. Mama yangu alikuwa anachambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Baba yako alihofia utachekwa shuleni," akasema. "Tukaongeza herufi moja tu."

"Na Mama Maziwa alijua siku zote kuwa tunadanganya?"

"Mji mzima unajua. Ulikuwa mtoto, wakakuonea huruma."

Mtoto! Nina mvi mimi. Miaka yote nimejitapa kibarazani kwake, babu alivyopigwa, babu alivyolala njaa, naye ananimiminia maziwa. Aibu ilinishika.

Jioni ile ile niliiziba W kwa saruji. Chini kabisa, kwenye upenyo uliobaki, nikabana neno WATU kwa herufi ndogo.

Kesho yake kitambaa kilipoondolewa juu ya jiwe, mwenyekiti alisoma, akakohoa. "HUMU MZEE KUFULI ALIFUNGA WATU. Fundi, hapa si umekosea?"

Uongo ulinifika mpaka ncha ya ulimi.

"Sijakosea," nikasema. "Ndivyo alivyofanya babu yangu."

Watu wakainama kutazama viatu vyao. Nikadhani yameisha. Mama Maziwa akasogea, akapapasa jiwe toka pembe hadi pembe, taratibu, kama anatafuta kitu.

"Na baba yangu umemwandika wapi?"

Nililitazama jiwe langu. Babu alikuwa amelijaza lote. Haikubaki nafasi hata ya herufi moja.