Afrodita kwa Timarete Mfinyanzi

Afrodita, mungu wa kike wa mapenzi, alichoka mchana kweupe, hekalu la Pafo limejaa watu na ubani unafuka mpaka macho yanawasha. Yalikuwa majira ya machipuko, msimu wa mahujaji. Walikuja kwa merikebu na kwa punda, kila mmoja na njiwa wake kikapuni, wakasimama mbele ya jiwe jeusi lililopakwa mafuta, alama ya Afrodita, wakaomba. Yeye alikuwepo pale pale, haonekani, akiwasikiliza kama alivyowasikiliza babu za babu zao. Nipe huyu. Nipe yule. Mfanye anitazame mimi tu. Naye hunyoosha mkono, akagusa moyo wa mtu aliye mbali huko, moyo ukashika moto, kisha zikaja shukrani na njiwa wengine.

Siku hiyo alikuja mwanamke wa makamo ambaye hakubeba njiwa wala ua. Akapiga magoti.

"Mama," alisema, "mimi sikuja kuomba unipe. Nimekuja uniondolee. Mwaka wa kumi na mbili huu nampenda mtu asiyejua hata jina langu. Niondolee, nikafuge mbuzi wangu kwa amani."

Afrodita alinyoosha mkono kwa mazoea, kisha akaurudisha. Kuwasha alijua. Kuzima hakujua, wala hakuwahi kujiuliza kama yuko anayehitaji kuzimiwa. Yule mama alingoja, akangoja sana, mwisho akajikung'uta magoti akaenda zake. Mungu wa kike alibaki akiutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

Hakumuaga yeyote. Alijivika umbo la mwanamke wa miaka arobaini hivi, ngozi imepigwa jua, nywele zimefungwa kitambaa, akatokea mlango wa nyuma unaopitishiwa kuni. Aristila, kuhani mkubwa wa hekalu, mwanamke aliyemtumikia miaka thelathini, alipishana naye mlangoni na kumwambia aangalie asichafue sakafu, imesafishwa sasa hivi.

Alipanda milimani. Siku ya tatu miguu ilimvimba, jambo ambalo halikuwahi kumpata tangu azaliwe kwa povu la bahari, na njaa nayo ikamshika. Hapo ndipo alipofika kwenye uwanja wa mfinyanzi mmoja aitwaye Timarete.

Timarete alikuwa mjane, mwembamba, udongo umemjaa mpaka viwikoni, na wanakijiji waliuogopa ulimi wake kuliko mbwa wake. Alimtazama mgeni toka miguuni hadi kichwani.

"Unajua kufinyanga?"

"Sijui."

"Unajua nini basi?"

Afrodita alifikiri. "Kusikiliza watu."

"Hapa hapana watu, pana udongo. Utaukanyaga, utautoa vijiwe, utachota maji. Utakula ninachokula mimi na utalala chumba cha mitungi. Jina lako?"

"Melita."

"Haya, Melita. Nawa uso, ule. Unatisha."

Akampa mkate wa shayiri, zeituni na jibini la mbuzi. Afrodita alikuwa amechomewa sadaka za mafahali wazima na hakuwahi kusikia ladha ya kitu kama alivyoisikia ya mkate ule.

Kazi ilimshinda. Udongo wake ulibaki na vijiwe, na vyungu vikapasuka. Alipojaribu gurudumu la kufinyangia, bakuli lilijikunja likalala upande kama mlevi. Timarete alilitazama, akasema, "Mungu aliyekuumba mikono alikuwa na haraka siku hiyo." Afrodita akacheka. Tangu dunia iwe dunia hakuna aliyewahi kumwambia kwamba hawezi kitu fulani, na alishangaa kuona neno hilo linampumzisha.

Kila baada ya siku chache alikuja Onasilo, mtu wa kuleta kuni za tanuri. Alikuwa mwanamume mkubwa, mtaratibu, mguu mmoja mfupi kuliko mwenzake.

"Kuni zako mbichi, Onasilo," Timarete alimpokea hivyo. "Nichomee vyungu, au nifukizie nyuki?"

"Kuni hizi ni kavu kuliko salamu zako."

"Basi zirudishe."

"Punda kakataa. Ana akili kuliko mimi na wewe."

Afrodita alimwona namna anavyozipanga zile kuni, kubwa chini, ndogo juu, pale pale Timarete anapoweza kuzifikia bila kuinama. Kiganja cha Afrodita kikaanza kupata moto. Kilikuwa kimezoea. Kugusa kidogo tu, na wale wawili wangeangukiana kabla ya jua kuzama. Akakizamisha ndani ya udongo baridi mpaka kikapoa.

"Kwa nini humkaribishi hata maji?" aliuliza baada ya Onasilo kuondoka.

"Kwa sababu mimi na mapenzi tulishamalizana." Timarete aliendelea kuukanda udongo. "Nilipokuwa na miaka kumi na minane nilimtaka kijana mmoja, Stasanori, mtoto wa wenye mizabibu ng'ambo ya mto. Alikuwa na mchumba wake. Mimi nikabeba njiwa wawili mpaka Pafo, nikaomba. Basi nikapewa."

"Akakupenda?"

"Alinipenda kama mtu aliyefungwa kamba. Alimwacha mchumba siku ile ile. Hakula mpaka niketi mbele yake. Nikienda kisimani yuko nyuma yangu, mtu akinisalimu wanapigana. Mizabibu ikakauka, rafiki zake wakamkimbia. Miezi ya mwanzo nilijiona malkia, Melita. Mwaka wa pili nikaanza kumwonea huruma. Mwaka wa sita homa ikampata, hana nguvu ya kupambana nayo. Siku ya kufa kwake, asubuhi, macho yakamtulia kama mtu aliyeamka. Akaniuliza, 'Timarete, kabla sijakupenda, mimi nilikuwa nataka nini?' Amesahau. Na mimi sikuwa na la kumjibu, maana sikuwahi kumuuliza."

Aliupiga udongo juu ya ubao.

"Huyo mama wa Pafo akipita hapa, nitammwagia ndoo ya maji machafu. Chota maji, haya yamekwisha."

Afrodita alichukua mtungi akaenda kisimani, akaketi ukingoni. Alijaribu kumkumbuka msichana wa miaka kumi na minane mwenye njiwa wawili. Alijaribu kwa nguvu zake zote za kimungu, na hakumpata. Walikuwa wengi mno. Hilo ndilo lililomuuma: lile tendo lilikuwa baya, na zaidi ya hapo alilitenda bila hata kugeuza uso. Alirudi na mtungi nusu, na Timarete akamgombeza.

Mwezi mzima alifanya kazi bila maneno mengi. Siku moja, jua la saa sita likiwa kali, akaja kijana mwenye kofia pana na uso wa mzaha, akaketi juu ya rundo la kuni bila kukaribishwa. Alikuwa Herme, mjumbe wa miungu, mwana wa Zeu.

"Dada," alisema, "umenenepa. Na kucha zako, ee jamani."

"Sema ulichotumwa."

"Baba amesema nikwambie dunia imekauka. Maharusi wanagombana mlangoni, njiwa hawatagi, akina mama hawawatazami watoto. Amesema nilie kidogo nikifika hapo." Herme alivua kofia, akajipepea. "Nilikuwa nimejiandaa kulia. Lakini nimepita Pafo, nimepita Korintho, nimepita kila mahali nilipopita siku zote. Watu wanapendana, dada."

"Bila mimi?"

"Bila wewe. Wanapendana vibaya na vizuri, kama kawaida yao. Wale waliopigwa na mkono wako wamepungua, basi. Nimemwona bibi mmoja anamchambulia mumewe kipofu samaki, mwiba mmoja mmoja. Nikamuuliza kama amewahi kutoa sadaka kwako. Ananiambia hajapata nafasi."

Afrodita alihisi kama ameteleza kwenye ngazi. Karne zote hizo aliamini kwamba akiushusha mkono wake, jambo lenyewe litakufa. Alikasirika kwanza. Kisha hasira ikamtoka polepole, na mahali ilipokuwa pakabaki wepesi ambao hakuujua.

"Kwa hiyo mimi ni wa kazi gani?" aliuliza.

"Mimi hubeba maneno ya watu tu," alisema Herme kwa upole usio wa kawaida yake. "Hilo sikutumwa. Nimwambieje Baba?"

"Mwambie bado najifunza kukanyaga udongo."

Herme akacheka, akavaa kofia, akashika njia. Timarete alikuwa amesimama mlangoni tangu mwisho wa maneno yale. Alimtazama kijana akiteremka mpaka alipopotea, ndipo akasema, "Kaka yako hakanyagi vumbi. Miguu yake iko juu, upana wa kidole hivi. Wewe ni nani?"

Afrodita angeweza kumdanganya. Alikaa chini, mikono imejaa udongo, akamwambia.

Timarete hakupiga kelele. Alimsogelea hatua moja.

"Ulinikumbuka uliponiona?"

"Hapana."

"Njiwa mmoja alikuwa na doa shingoni. Nilimlea mwenyewe tangu yai."

"Sikukumbuki, Timarete. Nimejaribu. Naomba unisamehe."

Ndoo ya maji machafu ilikuwa karibu, na wote wawili waliitazama. Timarete aliisogeza kwa mguu mpaka ukutani, akaketi juu ya gogo.

"Miaka yote nilitaka mtu wa kumlaumu," alisema. "Leo nimempata, naye anakanyaga udongo wangu vibaya." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Nusu ni yangu. Wewe hukuja kwangu, mimi ndiye niliyekuja kwako. Lakini samahani yako siitaki leo. Kachote maji."

Akaenda kuchota. Walikula pamoja jioni ile kama kawaida, dengu na kitunguu, ila bila kusemeshana. Siku za mwanzo Timarete hakumwita jina lolote. Kisha siku moja alichoka na kunyamaza, akamgombeza kwa jina la Melita, na maisha yakaendelea.

Zeituni zilipokuwa zinaiva Onasilo alikuja bila punda, amevaa nguo safi, na jibini mkononi lililofungwa kwa majani ya mtini. Alisimama uwanjani kama mtu aliyesahau njia.

"Timarete," alisema, "mimi si mtu wa maneno. Ninataka tuishi pamoja. Nimemaliza."

Timarete aligeuka, akamshika Afrodita mkono, akamvuta hadi nyuma ya tanuri.

"Niambie kweli," alinong'ona. "Huyu umemgusa?"

"Sijamgusa."

"Hata kidogo? Kwa kunionea huruma? Kwa kunilipa?"

"Nilitaka. Siku ile ya kuni nilitaka sana. Nikauficha mkono kwenye udongo. Kilichomleta hapa ni chake, Timarete. Sijui hata kilianza lini."

Timarete alirudi uwanjani, akasimama mbele ya yule mwanamume.

"Onasilo, wewe unataka nini maishani mwako? Mimi usinitaje."

Onasilo alijikuna shingo. Alilichukua lile swali kama alivyochukua kila kitu, taratibu.

"Nataka paa lisilovuja," alisema. "Nataka mizinga minne ya nyuki, nimeshapata miwili. Nataka siku moja nikaone merikebu kubwa bandarini, sijawahi. Na mtu wa kubishana naye wakati wa kula. Hilo umenikataza kulitaja, lakini limo."

Timarete akaangua kicheko, na kicheko kikageuka machozi katikati, kikarudi kuwa kicheko. "Ingia unywe maji," alimwambia.

Hawakuoana siku hiyo wala mwezi huo. Timarete alimkatalia mara mbili, ili ajue kama ataendelea kuleta kuni, naye akaendelea. Walioana baridi ilipolegea. Kwenye karamu wazee walimwaga divai chini na kumshukuru Afrodita wa Pafo kwa kazi yake njema, na Afrodita, jikoni, mkono kwenye chungu cha dengu, akasikia anashukuriwa kwa jambo ambalo hakulifanya. Alikoroga dengu zisiungue. Alikuwa na furaha ambayo hajawahi kuipata kwa mahujaji elfu.

Machipuko yaliporudi alisema anakwenda. Hakuitwa na mtu. Aliwafikiria wale watu wenye vikapu, wanasema na jiwe, na hakuna hata mmoja anayewauliza chochote. Timarete alimsindikiza mpaka kwenye kivuko cha mto, akampa mkate na tini kavu ndani ya kitambaa.

"Utafanyaje huko?" aliuliza.

"Sitamgusa tena mtu asiyejua. Hilo nimekata shauri. Mengine sijui. Labda niketi nao tu."

"Uketi nao. Kusikiliza umesema unajua." Timarete aliutazama mto. "Ile samahani uliyoniomba. Bado sijafika, Melita. Ila niko njiani."

Wakaagana. Afrodita alivuka maji yakimfika magotini, akatembea siku tatu, akafika Pafo jua likiwa juu na miguu imejaa malengelenge. Watu walikuwa wamejipanga kutoka mlangoni hadi barabarani. Aristila alikuwa akiwaelekeza, jasho linamtoka.

"Mama, wewe mwenye kitambaa," alimwita, "wenzako wametangulia. Kaa nyuma."

Afrodita akaenda nyuma, akaketi juu ya jiwe kando ya mzee mmoja aliyepakata kikapu, akamkatia nusu ya mkate.

"Umetoka mbali, baba?" alimuuliza, naye mzee akaanza kumweleza.